Mchicha haukuota, nyanya zimekufa usiku mmoja: nianzeje bustani Ohio msimu huu wa springi?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nipo Columbus, Ohio, nyumbani ni Morogoro. Tumehamia nyumba yenye uwanja nyuma, ni nyumba ya zamani kidogo. Mwaka jana mwezi wa nne jua lilikuwa linawaka vizuri nikapanda mchicha, bamia na miche ya nyanya. Mchicha na bamia havikuota kabisa, nyanya nimeamka asubuhi majani yote meusi. Alafu jirani kaniambia udongo wa nyumba za zamani una sumu. Mwaka huu nataka nianze vizuri, nianzie wapi? Na je, matembele na kisamvu huku vinawezekana au nisahau?

JIBU: Marahaba dada. Kwanza ondoa wasiwasi, mbegu zako hazikuwa mbovu na mkono wako hauna shida yoyote. Ulichofanya ni kupanda kwa kuangalia jua, na huku jua la mwezi wa nne halina habari na udongo. Unatoka nje umevaa kandambili, unaona raha, unasema leo ni leo, kumbe ukichimba inchi mbili tu chini bado kuna baridi ya mwezi wa pili imekaa pale pale haijaondoka.

Sisi tuliokulia Moro kichwa chetu kimezoea kungoja mvua. Udongo wa kule una joto mwaka mzima, kwa hiyo mvua ya masika ikishuka tu unamwaga mbegu na wiki haijaisha kijani kimeshatokeza. Ohio mvua siyo shida, mwezi wa nne inanyesha mpaka uichoke, kinachongojwa ni joto la ardhini. Udongo wa huko kwenu Columbus sehemu nyingi ni mfinyanzi mzito, na mfinyanzi ukishalowa unachelewa sana kupata joto kuliko kichanga. Sasa mbegu ya mchicha ukiiweka kwenye udongo wa baridi na maji kibao haisubiri kistaarabu mpaka joto lifike, inaoza au inaliwa na wadudu, unakuja kuchimbua hukuti kitu. Bamia ndo kabisa, hiyo ni ya joto kuliko hata mchicha.

Kwa hiyo kabla ya jembe, kabla ya mbolea, kitu cha kwanza nakutuma ununue ni kipimajoto. Kile cha kuchomeka kwenye nyama jikoni kinatosha kabisa, cha bei ya kawaida, ila ukishakitumia bustanini kibaki huko huko. Unakizamisha kama inchi mbili kwenda chini, saa tatu asubuhi udongo ukiwa bado haujapigwa jua la mchana, unasoma. Fanya hivo siku tatu nne mfululizo maana siku moja inaweza kukudanganya. Ukiona digrii 45 za Fahrenheit, hiyo ni kama 7 za Selsiasi, hapo sukuma, spinachi na njegere unaweza kupanda, zitaota taratibu lakini zitaota. Ukifika 60 kwenda 65 (Selsiasi 16 mpaka 18 hivi) unaanza kufikiria maharage, kunde na mchicha. Bamia na matembele subiri 65 izidi, na usiku usiwe unashuka chini ya 55. Ukishikilia namba hizi tu hata kama mengine yote nitakayosema utayasahau, mwaka huu utakula mboga.

Nyanya zako nazo ni kesi nyingine, hiyo haikuwa udongo. Hiyo inaitwa jalidi, wengi huku tunasema frosti tu. Watu wa Njombe na Makete wanaijua vizuri, mwezi wa sita na wa saba inawababulia viazi. Inakuja usiku ule anga imetakata, hakuna upepo, nyota zote unaziona, joto la ardhi linapaa lote juu, majani yanaganda na maji yaliyo ndani ya jani yakiganda yanapasua kila kitu. Asubuhi jua likitoka jani linalegea linakuwa jeusi kama limemwagiwa maji ya moto. Columbus kwa kawaida baridi ya kugandisha inaisha mwishoni mwa mwezi wa nne, ukitoka nje ya mji huko mashambani inasogea mpaka katikati ya mwezi wa tano, lakini hiyo ni kawaida tu, siyo ahadi. Tarehe 9 Mei 2020 baridi ilirudi Ohio nzima na kuna sehemu hata theluji ilianguka, watu walikuwa wameshapanda kila kitu. Ndo maana wenyeji wana kanuni yao kwamba nyanya hazitoki nje mpaka Siku ya Mama ipite, yaani Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, na hata hapo wanacheki kwanza utabiri wa siku kumi zinazokuja. Mimi naifuata na nakushauri uifuate, nyanya iliyopandwa tarehe 20 Mei kwenye udongo wa joto inaipita ile iliyopandwa mwisho wa Aprili ikadumaa kwa baridi, nimeliona hili mara nyingi sana kwa majirani wenye haraka.

Sasa bustani yako igawe vichwa viwili: mboga za baridi na mboga za joto. Hili ndo watu wengi kutoka nyumbani hawalifanyi, wanapanda kila kitu siku moja kama masika, matokeo yake mwezi wa nne wanapoteza mchicha na mwezi wa sita dania yote imetoa maua.

Za baridi zinaingia kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi wa nne kama udongo umeshakauka kidogo. Sukuma wiki hiyo hapo, dukani kwenye pakiti itafute kwa jina la collards, ndo ile ile, na kale ni ndugu yake. Spinachi, njegere, figili, dania, vitunguu vile vidogo vya kupandikiza, karoti kuelekea katikati ya mwezi. Hizi baridi ndogo hazizisumbui, sukuma iliyozoea ikipigwa na jalidi kidogo asubuhi unaikuta imelala, saa tano imesimama, na ile ya mwezi wa kumi na moja iliyopigwa baridi ndo inakuwa tamu kuliko zote. Dania usipande yote mara moja, mwaga kidogo kila baada ya wiki mbili tatu, maana joto la mwezi wa sita likiingia inakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa machungu.

Za joto ni mwisho wa mwezi wa tano mpaka wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Mchicha, bamia, kunde, maharage, maboga, matango, matembele. Najua roho inauma kuona uwanja uko wazi mwezi mzima na jua linawaka, lakini hujachelewa dada. Mwezi wa sita mwishoni mchana wa Ohio una saa 15, kitu ambacho Moro hakipo, na mchicha uliopata joto na mwanga wa namna hiyo ndani ya wiki nne hivi unang'oa unapika. Jalidi ya kwanza ya vuli inakuja katikati au mwisho wa mwezi wa kumi, kwa hiyo una karibu miezi mitano hapo.

Kabla hujachimba, simama nyuma ya nyumba uangalie jua linapita wapi. Kwetu jua linapita karibu na utosini, wakati fulani liko kaskazini kidogo, wakati fulani kusini, hatujazoea kuhangaika na pande. Columbus iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, saa sita mchana jua liko kusini, mwaka mzima. Kwa hiyo kivuli cha nyumba mchana kinaangukia kaskazini, ukipanda pale utavuna ukungu. Tafuta upande wa kusini au magharibi panapopata jua masaa sita mpaka nane kwa siku, mboga za majani zinavumilia hata masaa manne lakini nyanya na bamia hapana. Na kuna mtego hapa, mwezi wa nne miti haina majani, uwanja wote unaonekana mweupe wa jua, unachagua sehemu yako vizuri unachimba, mwezi wa sita ule mti mkubwa wa jirani umevaa majani na bustani yote ipo gizani. Angalia matawi juu, siyo mwanga chini. Na kama mti wenyewe ni ule walnati mweusi, kaa nao mbali kabisa, mizizi yake inatoa kitu kinachoua nyanya na bilinganya, unaona zinanyauka wakati maji yapo.

Alafu kabla jembe halijagusa ardhi piga namba 811. Ni bure, wanakuja kuchora mahali nyaya na mabomba ya gesi yalipopita chini, wape siku chache kabla ya siku unayotaka kuchimba. Na kama nyumba ni ya kupanga, muombe mwenye nyumba kwa maandishi, meseji inatosha, kuna watu wamefukuziwa bustani ikiwa na nyanya mbichi.

Tuje kwenye sumu, hapa jirani yako hajakosea. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 nyingi zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, mwaka huo ndo Marekani walipiga marufuku rangi hiyo majumbani. Rangi ikibanduka ukutani inaanguka chini inakaa kwenye udongo, haiozi, haiondoki na mvua, miaka hamsini ipo pale pale. Mbaya zaidi ni kile kipande cha karibu na ukuta, na karibu na barabara kubwa kwa sababu ya petroli ya zamani iliyokuwa na risasi. Mtoto mdogo akichezea udongo huo akaweka mkono mdomoni ndo hatari yenyewe, kwa mboga tatizo kubwa ni vumbi linalong'ang'ania kwenye majani na kwenye karoti, maana matunda kama nyanya na bamia hayanyonyi risasi nyingi. Usiishi kwa kubahatisha, pima. Nenda ofisi ya ugani ya kaunti yako, iko chini ya chuo kikuu cha Ohio State, waambie unataka kupima udongo wa bustani na uwatajie kabisa kwamba unataka na kipimo cha risasi kwa sababu kipimo cha kawaida hakina hicho. Wana wataalamu wa kujitolea wa bustani, waulize tu bila aibu, hawakuulizi makaratasi yako. Unachota udongo sehemu kama kumi za uwanja kwa kina cha inchi sita hivi, unachanganya kwenye ndoo safi ya plastiki, unapeleka kikombe kimoja au viwili.

Majibu yatakuja na pH pia, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, na virutubisho. Hapo nakuonya, usije ukamwaga chokaa kwa sababu tu nyumbani tuliambiwa udongo mchovu unawekewa chokaa. Udongo wa maeneo mengi ya katikati ya Ohio chini yake kuna mawe ya chokaa, mwingine uko sawa tayari, ukiongeza unaharibu. Mboga nyingi zinataka 6 mpaka 7, ikiwa humo achana nayo.

Wakati unangoja majibu, au kama yakija mabaya, mimi ningekushauri ujenge boksi la mbao juu ya ardhi. Futi 4 kwa 8, urefu wa kwenda juu futi 1. Futi nne kwa sababu mkono wako ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo, ukishaukanyaga mfinyanzi umeuua. Chini tandika makaratasi ya maboksi yasiyo na rangi wala selotepu, yanaua nyasi. Kama risasi imeonekana nyingi weka na kitambaa kizito cha bustani kinachopitisha maji, ili udongo wa chini usichanganyike na wako. Mbao ziwe mpya, mierezi kama mfuko unaruhusu, misonobari ya kawaida kama hauruhusu itaoza baada ya miaka kadhaa utabadilisha. Mbao za kuokota za zamani zilizotiwa dawa kataa, zile za kabla ya 2004 nyingi zilikuwa na aseniki, na yale magogo ya reli yana lami ya sumu, watu wanayapenda kwa sababu ni ya bure. Boksi la ukubwa huo linakula futi 32 za ujazo za udongo, mifuko ya dukani itakufilisi, bora uagize kwa gari udongo wa juu uliochanganywa na mboji, sehemu mbili udongo sehemu moja mboji. Zuri lingine ni kwamba boksi linapata joto mapema kuliko ardhi ya chini na halituamishi maji, unapata siku kadhaa za mbele kila springi.

Kama risasi haipo na unataka kulima ardhini moja kwa moja ni sawa pia, ila mfinyanzi una adabu zake. Chukua kiganja cha udongo, finya, alafu ligonge hilo donge kwa kidole gumba. Likivunjika vipande vipande lima. Likibonyea tu likabaki na alama ya kidole, rudi ndani ukanywe chai, ukililima hilo umefyatua matofali, utahangaika nayo mpaka mwezi wa nane. Mwezi wa nne kwa mvua za kule unaweza kungoja wiki mbili nzima, ngoja.

Mbolea ya samadi nzuri, lakini ile mbichi inatakiwa ipite siku 120 kabla ya kuvuna kitu kinachogusa udongo, kwa hiyo springi umeshachelewa, nunua iliyooza tayari. Na hapa kuna jambo ambalo nyumbani hatukulijua sana. Huku mashamba ya nyasi za farasi na ng'ombe yanapigwa dawa ya kuua magugu, dawa nyingine inapita kwenye tumbo la mnyama ikiwa nzima, inakaa kwenye samadi hata miaka, ukiiweka kwenye nyanya majani yanajikunja kama ngumi na maharage yanaota yakiwa yamepinda. Kipimo chake rahisi, changanya hiyo samadi na udongo kwenye kopo, panda maharage matatu manne, na kopo lingine weka udongo mtupu na maharage vile vile. Baada ya wiki tatu linganisha majani. Yakiwa sawa tumia, yakijikunja mwenye farasi mrudishie mzigo wake. Nyasi za kukatwa kwenye lawn iliyopigwa dawa nazo hivo hivo, usizitandaze.

Miche ya kuotesha ndani. Mwaka wa kwanza nyanya na pilipili nunua miche dukani mwezi wa tano, usijitese. Lakini nyanya chungu, zile ngogwe, hutaipata dukani, hiyo itabidi uoteshe mwenyewe ndani katikati ya mwezi wa tatu maana inataka wiki nane mpaka iwe mche wa kutoka nje. Dirisha peke yake halitoshi, mwanga wa mwezi wa tatu ni mdogo, mche unarefuka unakuwa mwembamba unaanguka. Nunua taa ya kawaida ya LED ya gereji, ining'inize inchi mbili tatu juu ya miche, iwake saa 14 mpaka 16, unaipandisha kadri miche inavyokua. Maji kidogo na yatokee chini kwenye sinia, ukimwagilia juu kila siku kinyaushi, ule ugonjwa wa kuozesha miche, kitaipitia yote kwenye shingo na asubuhi unakuta imelala. Wiki moja kabla ya kupanda nje anza kuitoa, siku ya kwanza lisaa limoja kivulini, kesho masaa mawili, unaongeza mpaka ilale nje. Mche uliotoka sebuleni ukapelekwa moja kwa moja juani unaungua unakuwa mweupe, na upepo wa Ohio nao unauvunja.

Ukishapanda nyanya zamisha shina mpaka karibu na majani ya juu, litatoa mizizi pembeni. Zungushia shina kipande cha kikombe cha karatasi, inchi moja chini ya udongo na mbili juu, sota, yule kiwavi wa udongoni, huku ni yule yule, anakata mche usiku kama wembe. Na weka mashuka ya zamani karibu na mlango. Ukiona utabiri wa usiku unasema digrii 36 za Fahrenheit kushuka chini, jioni kabla jua halijazama funika mpaka chini kwenye udongo, asubuhi joto likipanda toa. Nailoni usiiache iguse jani, pale inapogusa panaganda.

Sungura sasa. Hao hawana huruma, wanakula njegere na sukuma changa usiku mmoja zote, na wewe utadhani ni ugonjwa, angalia shina limekatwa kwa mshazari safi, huyo ni sungura. Weka waya wa kuku wa futi mbili kwenda juu, matundu yasizidi inchi moja, na inchi kadhaa uzifukie chini. Sukuma ifunike na neti nyepesi tangu siku ya kwanza, ukishaona vipepeo vyeupe vinazungukazunguka ujue wameshataga. Vidukari vipige maji ya mpira kwa nguvu chini ya jani, vikirudi tumia maji ya sabuni laini jioni. Matundu madogo madogo kama ya sindano kwenye bilinganya na ngogwe ni kale kamdudu keusi kanakoruka kama kiroboto, neti hiyo hiyo inasaidia ila ukiona maua ifungue nyuki waingie.

Kumwagilia, watu wengi wanakosea kwa wingi siyo kwa uchache. Springi mvua inatosha, wewe choma kidole mpaka kiungo cha pili, kukiwa na unyevu acha. Kuanzia mwezi wa sita bustani inataka kama inchi moja ya maji kwa wiki ukijumlisha na mvua, kwa boksi lako la 4 kwa 8 ni kama galoni 20, lita 75. Gawanya mara mbili kwa wiki, asubuhi, chini kwenye udongo siyo juu ya majani. Kunyunyiza kidogo kila jioni kama tunavyomwagilia maua kunalea mizizi ya juu juu na ukungu. Isipokuwa mbegu ambazo hazijaota, hizo usiruhusu uso wa udongo ukauke hata siku moja. Na matandazo ya mabua usiweke mwezi wa nne, yatafungia baridi chini, ngoja mwezi wa sita udongo umeshachemka ndo utandaze inchi mbili tatu.

Mchicha wenyewe, kwa kuwa ndo uliokuleta: mbegu changanya na mchanga mkavu ili usimwage rundo, toboa mfereji mdogo robo inchi tu, mwaga, gandamiza kwa ubao, maji ya kunyunyiza. Zikifika inchi tatu punguza, hizo za kupunguza pika na karanga. Ukitaka uendelee kukata, kata juu ukiacha majani mawili matatu chini, utachipua pembeni. Pakiti za huku tafuta jina amaranth, Wajamaika wao wanaita callaloo na maduka yao yanauza mbegu nzuri. Usiombe ndugu akuletee kwenye begi kutoka Dar, mbegu za kupanda zinatakiwa cheti cha afya ya mimea, pale airport zitaishia kwenye pipa. Alafu usiuache utoe mbegu ukatapakaa kwa jirani, wakulima wa soya Ohio wana vita na mchicha pori, hawatakuelewa ukiwaambia wewe unaula.

Bamia loweka usiku mmoja, panda inchi moja kwenda chini, ikishaanza kuzaa chuma kila siku ya pili zikiwa urefu wa kidole, ukisafiri wikiendi utarudi ukute kuni.

Matembele yanawezekana sana, tena ndo mboga rahisi kuliko zote kwako. Mwanzoni mwa mwezi wa nne nunua kiazi kitamu cha organiki, hivi vya kawaida vingi vimepigwa dawa ya kuzuia kuchipua. Kilaze nusu yake izame kwenye udongo wenye unyevu ndani ya trei, weka sehemu ya joto, juu ya friji panafaa mpaka kianze kuchipua kisha kipeleke kwenye mwanga. Baada ya wiki sita nane utakuwa na machipukizi ya kutosha, yakifika inchi sita yachomoe, yaweke kwenye maji yatoe mizizi, mwisho wa mwezi wa tano panda futi moja moja. Mwezi wa saba unaanza kuchuma mpaka jalidi ya vuli iyaue, na siku utabiri ukitaja hiyo jalidi ya kwanza chuma yote mchana huo, chemsha kidogo, gandisha kwenye mifuko. Ukichuma majani kwa kiasi chini utapata na viazi.

Kisamvu hicho ardhini hapana. Muhogo unataka joto muda mrefu na baridi ya kwanza tu inaumaliza. Kuna wanaouweka kwenye ndoo ya galoni 15 au 20, kiangazi nje, mwezi wa tisa unaingizwa sebuleni karibu na dirisha la kusini, majani unapata ya kuonja mara moja moja, muhogo wenyewe usiutegemee. Shida ni kipande cha mti cha kupanda, mihogo ya dukani imepakwa nta na haina mti wa kupanda, itabidi upate kwa mtu aliyenao kama Florida, na kabla hajakutumia ulize kwanza idara ya kilimo ya jimbo kama inaruhusiwa kuvuka. Kwa kisamvu cha kila wiki nenda duka la Waafrika, friza ya pembeni, kimeshatwangwa.